Afya ya akili ipewe fungu kwenye mipango ya tabianchi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuzungumzie pengo lililomo kwenye sera za kimataifa za mabadiliko ya tabianchi. Sisi ni watoa huduma za afya ya akili na wachambuzi wa sera tunaofuatilia kwa karibu nyaraka za COP, mikutano ya kila mwaka ya Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi. Siku hizi afya ya akili inatajwa, tena kwa maneno mazuri, ila inatajwa kwenye dibaji na matamko. Ukifika kwenye jedwali la viashiria na jedwali la gharama, mara nyingi huioni. Na jambo lisilo na kifungu cha bajeti halina mhudumu, halina dawa wala nauli ya kumfikia mgonjwa.

Kisayansi hakuna tena ubishi. Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilisema katika ripoti yake ya Februari 2022, kwa kiwango cha juu sana cha uhakika, kwamba mabadiliko ya tabianchi yamekwisha kuathiri afya ya akili za watu katika maeneo yaliyochunguzwa, na kwamba wasiwasi na msongo vitaongezeka joto likizidi, hasa kwa watoto, vijana, wazee na wenye maradhi mengine. Juni mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa mwongozo kwa serikali, na humo likaeleza kuwa katika uchunguzi wake wa mwaka 2021, kati ya nchi 95 ni 9 tu zilizokuwa zimeweka msaada wa afya ya akili na kisaikolojia kwenye mipango yao ya afya na tabianchi.

Desemba 3, 2023, COP28 ya Dubai ilitenga siku ya afya kwa mara ya kwanza katika historia ya mikutano hiyo. Tamko la afya na tabianchi lililoungwa mkono na nchi zaidi ya 120 likataja afya ya akili na ustawi wa kisaikolojia. Lakini mkutano huo huo ulipopitisha mfumo wa kimataifa wa kuhimili tabianchi, lengo lake la afya liliandikwa likazungumzia huduma za afya zinazohimili, na kupunguza magonjwa na vifo. Akili haikutajwa. Tamko halimbani aliyelitia saini. Mfumo wa kuhimili ndio unaozaa viashiria, na viashiria ndivyo wafadhili wanavyovitazama kabla ya kutoa fedha.

Madhara yenyewe yana umbo lake, na sera isiyolijua umbo hilo itamwaga fedha pasipostahili. La kwanza ni muda. Kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya kusini ya Marekani Agosti 2005. Watafiti waliwahoji walionusurika, kisha wakawarudia. Miezi 5 hadi 8 baada ya kimbunga, asilimia 14.9 walikuwa na dalili za maradhi yatokanayo na kiwewe. Kiasi cha mwaka mmoja baadaye wakawa asilimia 20.9. Mtu angetarajia namba ishuke kadiri siku zinavyokwenda, nayo ikapanda. Sababu ni kwamba upepo hupita kwa siku moja, ilhali kuishi kwenye makazi ya muda, kukosa kazi, kuzungushwa kwenye fidia na kutojua kama mtaa utajengwa tena huendelea kwa miaka. Sasa linganisha na fedha za dharura, ambazo kwa kawaida hutolewa kwa miezi 3 au 6. Washauri hufunga mizigo wakati wagonjwa ndio kwanza wanajitokeza. Kwa hiyo mradi wowote wa aina hii unaopangwa chini ya miezi 24 tunauhesabu kuwa haujapangwa.

La pili ni onyo. Baada ya mafuriko ya England ya majira ya baridi ya 2013 na 2014, watu ambao maji yaliingia nyumbani mwao walichunguzwa mwaka mmoja baadaye: asilimia 36.2 walionyesha dalili za kiwewe, asilimia 28.3 wasiwasi uliopindukia, na asilimia 20.1 sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu. Waliovurugiwa shughuli tu bila nyumba kuingia maji nao hawakusalimika, kwani asilimia 15.2 kati yao walikuwa na dalili za kiwewe. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kati ya waliolazimika kuhama, wale ambao hawakupata onyo lolote waliumia zaidi kiakili kuliko waliopata onyo la zaidi ya saa 12. Umoja wa Mataifa una mpango wa kumfikishia kila mtu duniani maonyo ya mapema ifikapo mwisho wa 2027, na hoja zake zimejengwa juu ya vifo na mali. Ongezeni hoja hii ya akili kwenye andiko la mradi: saa 12 za kufunga virago, kumchukua mzee na kuhamisha mifugo ni kinga ya sonona. Ujumbe wenyewe wa onyo uwe na sentensi moja ya nyongeza, kwamba kila anayetumia dawa za kila siku abebe dawa za angalau wiki moja pamoja na kadi yake ya kliniki, au pakiti tupu yenye jina la dawa. Haigharimu kitu. Ikikosekana, mhudumu wa kambini hubaki kubahatisha kwa mgonjwa anayesema alikuwa akimeza "kidonge cheupe".

La tatu ni joto, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo sera nyingi zinapopofuka. Juni 2021 wimbi la joto liliua watu 619 katika jimbo la British Columbia, Kanada. Wachambuzi walipolinganisha maradhi sugu ya waliokufa na ya walionusurika, skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini visivyokuwepo) ndiyo iliyoonekana kuongeza hatari kuliko maradhi mengine yote waliyoyapima, yakiwemo ya figo na moyo. Sababu ziko kadhaa na zinafanya kazi kwa pamoja. Dawa nyingi za skizofrenia huvuruga uwezo wa mwili kujipoza, na zile zinazotolewa pamoja nazo kutuliza mitetemeko hupunguza jasho. Ugonjwa wenyewe unaweza kumfanya mtu asihisi kiu au asione haja ya kuvua koti. Juu ya yote, wengi huishi peke yao, hakuna wa kugonga mlango.

Lithiamu, dawa ya wenye hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, ina hatari ya namna yake. Inatolewa mwilini na figo, na mwili ukipungukiwa maji na chumvi, figo huirudisha kwenye damu. Dozi iliyokuwa salama juzi inakuwa sumu leo, bila mgonjwa kuongeza hata kidonge kimoja. Dalili za kuangalia ni mikono kutetemeka kuliko kawaida, kutapika, kuhara, kuyumba na kuchanganyikiwa. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake. Anywe maji ya kutosha, asipunguze chumvi ghafla, na dalili zikianza aende kupimwa kiwango cha dawa kwenye damu siku hiyo hiyo. Mpango wa taifa wa kukabiliana na joto unaotaja wazee, watoto na wajawazito halafu ukawaacha watumiaji wa dawa hizi haujakamilika. Marekebisho yake ni madogo mno: kliniki ziwe na orodha ya wanaotumia dawa hizo, na joto likifikia kiwango cha tahadhari kilichowekwa, mhudumu wa jamii awapigie simu au awatembelee siku ya kwanza, asisubiri ya tatu. Wodi za akili nazo zikaguliwe. Wodi inayofungwa kwa kufuli na yenye madirisha yasiyofunguka ni mahali pa hatari kwenye joto kali na kwenye mafuriko pia, na mara nyingi haimo kwenye mpango wowote wa kuwahamisha watu.

Kwa taarifa hizi, kazi ya kuandika mipango ya taifa ya kuhimili tabianchi inabadilika. Tathmini ya hatari iseme ni vituo vingapi vinavyotoa huduma za akili viko kwenye mabonde ya mafuriko, na ni wagonjwa wangapi wa kila wilaya wanategemea dawa zisizoweza kukatwa ghafla. Anayekatishwa dawa za kifafa anaweza kupata degedege mfululizo zinazoua. Anayekatishwa za skizofrenia huenda akarudiwa na ugonjwa akiwa katikati ya kambi iliyojaa watu. Kasha la dharura la afya linalotumiwa na mashirika ya kimataifa, lililopangwa kuhudumia watu 10,000 kwa kiasi cha miezi 3, lina dawa za msingi za akili ndani yake, lakini baadhi yake, kama diazepam ya kutuliza na kuzuia degedege, zinadhibitiwa na mikataba ya kimataifa na haziingii nchini bila kibali maalumu. Vibali hivyo viandaliwe kabla ya msimu wa mvua au vimbunga. Visipoandaliwa, sehemu ya kasha hukwama forodhani wakati iliyobaki imekwisha kufika.

Kisha kipimo. Bila takwimu za kabla ya janga, hakuna atakayethibitisha kilichosababishwa na janga. Dodoso la maswali 9 la kupima sonona, linalojulikana kama PHQ-9, linauliza hali ya wiki 2 zilizopita na kutoa alama kuanzia 0 hadi 27. Kwa kawaida alama 10 na zaidi humaanisha mtu achunguzwe zaidi. Linaweza kuingizwa kwenye tafiti za kaya ambazo serikali hufanya hata hivyo. Lina masharti mawili. Tafsiri ijaribiwe kwanza kwa wasemaji wa lugha husika, kwa sababu kiwango cha 10 hakifai kila mahali. La pili ni zito zaidi: swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na ni makosa kumtuma mdadisi kijijini akaliuliza bila kuwa na pa kumpeleka anayejibu ndiyo. Kama hakuna njia ya rufaa siku hiyo hiyo, tafiti hiyo isianze.

Kuhusu viashiria tuna msimamo mkali kidogo. Kiashiria kibaya kuliko vyote ni idadi ya waliohudhuria mafunzo. Ni rahisi kukijaza, kinapendeza kwenye ripoti, na hakisemi lolote kuhusu mgonjwa. Tunapendekeza vipimwe vitu vinne: sehemu ya vituo vya afya vya maeneo hatarishi vyenye angalau mhudumu mmoja aliyefunzwa kwa mhGAP, mwongozo wa WHO wa huduma za akili kwa wahudumu wasio mabingwa, na ambaye amesimamiwa na mtaalamu ndani ya miezi 3 iliyopita, idadi ya siku ambazo dawa za msingi za akili hazikuwepo katika miezi 6 baada ya janga, sehemu ya walioanza huduma wakaimaliza, na alama za sonona za watu wale wale baada ya miezi 3, 12 na 24. Neno "amesimamiwa" ndilo linaloubeba mzigo. Muuguzi aliyefunzwa akaachwa peke yake hurudi kwenye mazoea yake, si kwa uzembe, bali kwa sababu kesi ngumu ya kwanza humvunja moyo na hana wa kumuuliza.

Tunasikia mara kwa mara kuwa huduma hizi ni ghali na zinahitaji mabingwa. Hesabu inasema vingine. WHO ina tiba fupi ya mazungumzo iitwayo PM+, inayotolewa na watu wasio mabingwa wakishafunzwa na kusimamiwa. Ni vikao 5, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja, na hufundisha kupumua taratibu kutuliza mwili, kushughulikia tatizo hatua kwa hatua, kurudia shughuli zilizoachwa, na kujenga upya uhusiano na watu. Watu 100 wanahitaji vikao 500. Mtoa huduma anayefanya vikao 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, anafanya 15, kwa hiyo watoa huduma 4 hufanya 60, nao wanamaliza watu hao 100 katika takriban wiki 10: watu 60 katika wiki 5 za kwanza, na 40 katika wiki 5 zinazofuata. Ongeza mafunzo ya zaidi ya wiki moja, mazoezi chini ya uangalizi, mshahara wa msimamizi mmoja, nauli, chumba chenye faragha, na akiba kwa wanaokosa vikao. Ipo pia njia ya kikundi ya WHO inayotumia sauti iliyorekodiwa, kwa watu hadi 30 kwa pamoja, nayo ni vikao 5. Hivyo ni vitu vinavyoweza kuandikwa bei. Dunia kwa sasa hutumia kwa wastani kiasi cha asilimia 2 tu ya bajeti za afya kwa ajili ya akili, kwa hiyo kuiambia wizara ya afya ijibane itoe kwenye fungu lake ni kuiambia isifanye.

Fedha za tabianchi zipo, lakini zina lugha yake. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ambao moja ya maeneo yake 8 ya matokeo ni afya, chakula na maji, hutaka andiko lionyeshe uhusiano kati ya tatizo na tabianchi. Maandiko mengi ya afya ya akili huangukia hapo. Yanaeleza ukubwa wa sonona nchini, jambo la kweli, ila hayaonyeshi ni sehemu gani inatokana na joto, ukame au mafuriko. Msaada upo kwenye tafiti. Ule uliochapishwa 2018 kwa takwimu za miongo kadhaa ulionyesha kwamba wastani wa joto la mwezi ukipanda kwa nyuzi 1, vifo vya kujiua huongezeka kwa asilimia 0.7 katika kaunti za Marekani na asilimia 2.1 katika manispaa za Mexico. Nchi yenye kumbukumbu za hospitali na za hali ya hewa za miaka 10 inaweza kufanya hesabu ya namna hiyo kwa wagonjwa wake yenyewe. Njia rahisi zaidi ni kutoandika mradi wa akili peke yake. Uingizeni ndani ya mradi wa maonyo ya mapema, wa maji au wa kilimo, ukiwa na kifungu chake cha gharama na kiashiria chake. Huko uhusiano na tabianchi umekwisha kuthibitishwa.

Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na tabianchi, uliokubaliwa kwenye COP ya Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, ni mlango mwingine. Kifungu cha 8 cha Makubaliano ya Paris kinatambua hasara zisizo za kiuchumi, na awamu ya kwanza ya mfuko imetengewa dola milioni 250 za Marekani, kwa maombi ya dola milioni 5 hadi 20. Timu za tathmini baada ya janga zikifika, huhesabu kuta, paa, vitanda na mashine. Mtaalamu wa afya ya akili awemo kwenye timu hiyo tangu siku ya kwanza na akadirie gharama za huduma za miezi 24. Jedwali likishafungwa ni vigumu kuongeza mstari.

Mahali ambapo watu lazima wahamishwe kabisa, namna ya kuwahamisha ni uamuzi wa afya ya akili, hata kama anayeuchukua ni mhandisi wa ardhi. Baada ya tsunami ya Japani ya 2011, ambayo ni kweli haikutokana na tabianchi, katika mji wa Iwanuma wapo waliohamishwa kwa kura, kila kaya kivyake, na wapo waliohamishwa kwa makundi pamoja na majirani zao. Waliohamishwa kwa makundi waliendelea kushirikiana na wenzao, hata zaidi ya awali. Kwa waliopigiwa kura, ushirikiano ulipungua. Nyumba mpya zilipatikana kwa wote.

Yapo pia yanayofanywa kwa nia njema na yakaumiza. Kumkalisha mtu mara moja tu siku chache baada ya janga na kumtaka asimulie yote yaliyompata hakupunguzi kiwewe, na WHO haishauri. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepam visitolewe kama tiba ya kiwewe cha siku za mwanzo. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni nyepesi kuliko hayo: tazama nani yuko hatarini, msikilize bila kumchokonoa, muunganishe na chakula, ndugu zake na huduma. Mwongozo wa mashirika ya kibinadamu wa mwaka 2007 ulipanga huduma katika ngazi 4, na ya chini kabisa, iliyo pana kuliko zote, ni usalama na mahitaji ya msingi. Foleni ya maji yenye utaratibu, vyoo vyenye taa na taarifa sahihi za waliopotea ni sehemu ya kazi hii.

Kwa vijana tunaomba busara ya pekee. Uchunguzi wa mwaka 2021 wa vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10 uliwakuta asilimia 59 wakiwa na wasiwasi mkubwa au mkubwa sana kuhusu tabianchi. Wengi wao si wagonjwa. Wanaogopa kitu cha kuogopesha, na dawa ya hofu hiyo ni serikali kupunguza gesijoto kama zilivyoahidi na kuwapa nafasi kwenye maamuzi. Ushauri nasaha ubaki kwa wale ambao hofu imewazuia kulala, kula au kusoma.

Nafasi ya karibu ya kusahihisha haya inajulikana. Ripoti za uwazi ambazo nchi huziwasilisha kila baada ya miaka 2 chini ya Makubaliano ya Paris zinatakiwa tena kufikia Desemba 31, 2026. Sehemu ya kuhimili tabianchi katika ripoti hizo ni ya hiari, kwa hiyo hakuna anayehitaji kusubiri ruhusa ili aweke takwimu za afya ya akili. Wizara za afya ziombe sasa rasimu ya sehemu hiyo kutoka kwa ofisi za mazingira zinazoiandaa, ziteue mtu mmoja wa afya ya akili wa kuiandika pamoja nao, na jina la mtu huyo liwekwe kwenye orodha ya ujumbe wa COP, kwenye meza ya kuhimili na ile ya hasara na uharibifu. Baraza la Afya Duniani lilikwisha kupitisha mwaka 2024 azimio la kuimarisha msaada wa afya ya akili kabla, wakati na baada ya majanga. Mjumbe huyo analo andiko la kulishika mkononi.

Wenu,
Watoa huduma za afya ya akili na wachambuzi wa sera za tabianchi